Miaka Minne ya Shahada Mseto: Tathmini kwa Ambaye Bado Hajaamua

Nilihitimu shahada ya kwanza katika programu ya masomo mseto, yaani programu ambamo mwanafunzi hasajiliwi chini ya idara moja bali huunda fani yake kutokana na masomo ya idara kadhaa, na sasa ni mwaka wa tatu niko kazini. Naona muda huo unatosha kuitathmini kwa haki, kwa sababu shahada haipimwi vizuri siku ya mahafali. Hupimwa pale unapoombwa kufanya jambo ulilodai umelisomea. Naandika nikimfikiria msomaji mmoja hasa: kijana ambaye fomu ya kuchagua fani iko mezani, siku ya mwisho ya kuirejesha imekaribia, na hakuna kazi hata moja anayoiona kwa uwazi unaotosha kumfanya atie alama kwenye kisanduku kimoja na kuviacha vingine. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaeleza ni malalamiko, na ninachokitathmini ni aina ya programu, wala si jina lililoandikwa langoni.

Niseme mapema kwamba ningepewa nafasi ya kurudi nyuma ningeichagua tena programu hii, ila kwa sababu iliyo kinyume na ile iliyonipeleka. Nilikwenda nikitafuta mahali pa kuuweka uamuzi kiporo. Nikakuta programu inayomtaka mwanafunzi aamue mara nyingi zaidi kuliko mwenzake wa idara ya kawaida, aamue mapema zaidi, na kila uamuzi autetee kwa maandishi. Mwanafunzi wa uhasibu huamua mara moja, kisha ratiba ikambeba hadi mwisho. Mimi niliamua kila muhula. Jambo hili halimo katika vipeperushi vya vyuo, ambavyo hupenda sana neno uhuru, nalo ndilo linaloamua kama shahada mseto itamfaa asiyejua aelekee wapi au itamzidishia mashaka aliyokuja nayo.

Programu niliyosoma ilikuwa na krediti 120 (krediti ni kipimo cha uzito wa somo), kiwango cha kawaida katika vyuo vya miaka minne vinavyofuata mfumo wa Marekani. Katika nchi nyingi za Ulaya, ambako mwaka mmoja wa masomo huhesabiwa kuwa na krediti 60, shahada ya aina hii huwa na krediti 180 kwa miaka mitatu au 240 kwa miaka minne. Mwaka wa kwanza ulikuwa na masomo mawili tu ya lazima, takwimu na semina ya uandishi wa kitaaluma, na mengine yote tulijichagulia. Mwishoni mwa muhula wa tatu kila mmoja alitakiwa kuwasilisha andiko la maneno 1,500 linaloeleza fani anayoiunda: swali analotaka kulishughulikia, masomo atakayochukua kutoka idara zisizopungua tatu, sababu ya kuyapanga kwa mfuatano huo, na majina ya wahadhiri wawili waliokubali kumsimamia. Mwaka wa nne ulikuwa wa tasnifu, ambayo ilitetewa mbele ya jopo lililotoka katika idara tofauti. Ukiniuliza ada yangu ya miaka minne ilinunua nini, nitalitaja lile andiko la maneno 1,500 kabla ya somo lolote.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na masomo kumi na moja. Kulikuwa na jiografia, saikolojia, uchumi, historia ya sanaa, utangulizi wa programu za kompyuta, na mengine ambayo niliyaweka kwa sababu tu wahadhiri wake walisifiwa. Nilimkabidhi mshauri wangu wa masomo nikiwa na hakika kwamba upana ule ungemfurahisha. Aliisoma hadi mwisho, akaifunika orodha kwa kiganja chake, akaniuliza, "Hii tukiiweka kando, wewe unataka kujua nini?" Nikaanza kumtajia masomo. Akatikisa kichwa, kiganja bado kiko juu ya karatasi. "Hayo yako humu chini, nimeyaona. Nimekuuliza unataka kujua nini." Sikuwa na jibu, naye hakunisaidia kulitafuta, alisubiri, na kimya kile nilikiona kirefu mno. Karatasi ilinirudia ikiwa na sentensi moja ya penseli pembeni: "Hii ni orodha, bado haijawa fani."

Rasimu ya pili ilikuwa na swali, nalo lilihusu sababu za watu kuhama vijijini na kwenda mijini. Hiyo nayo ilirudi, safari hii ikiwa na maelezo yaliyoniuma zaidi. Swali lilikuwa zuri, aliandika, lakini wanajiografia wamekuwa wakilishughulikia kwa miongo mingi bila kuhitaji msaada wa mtu mwingine, kwa hiyo kama hilo ndilo nililolitaka, nihamie idara ya jiografia nikasome vizuri. Kwa wiki mbili nilifikiria kuhama kweli. Kilichonizuia ni jambo dogo nililokutana nalo katika somo la takwimu, tulipopewa jedwali la mazoezi lililohusu mgawo wa maji katika jiji moja: safu moja ilionyesha idadi ya wakazi wa kila mtaa, na ya pili ilionyesha saa ambazo bomba hutoa maji kwa wiki. Safu hizo mbili hazikuendana hata kidogo. Mtaa wenye wakazi wengi kuliko yote ulikuwa na saa chache kuliko mitaa mingi iliyobaki, na hakuna somo hata moja kati ya yale niliyokuwa nayo lililoweza kunieleza peke yake kwa nini. Mhandisi angeniambia habari za mwinuko na kipenyo cha bomba. Mchumi angeniambia habari za bei na malimbikizo ya madeni. Mwanasheria angeniuliza kwanza ni nani mwenye mamlaka ya kuifunga vali. Rasimu ya tatu ilianzia hapo: ni nani huamua maji yaende wapi, na huamua kwa kutumia taarifa zipi? Masomo yaliyosalia kwenye orodha yalikuwa saba, na safari hii niliweza kusema kila moja liko pale kufanya kazi gani. Historia ya sanaa, ambayo naipenda hadi leo, ilijiondokea yenyewe.

Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu hapo ndipo programu nzuri inapoachana na programu mbovu. Mwanafunzi asiyejua kazi anayoitaka bado anaweza kujua jambo linalomsumbua, na jambo linalomsumbua ni msingi imara zaidi wa kupanga masomo kuliko jina la kazi ambayo hajawahi kuiona ikifanywa. Programu inayokulazimisha kulitafuta jambo hilo, na kukurudishia karatasi hadi ulipate, inafaa ada yake. Programu inayoipokea orodha ya masomo kumi na moja na kuigonga muhuri imekuuzia mkusanyiko wa masomo ya utangulizi kwa bei ya shahada.

Vyuo mbalimbali vimelijenga jambo hili katika mifumo yao kwa namna tofauti, na inafaa anayechagua avifahamu, hata kama hatasoma huko, ili apate kipimo cha kupimia kile kilicho mbele yake. Quest, chuo kikuu kidogo kilichofunguliwa mwaka 2007 huko Squamish, Kanada, kilikwenda mbali kuliko vingi. Hakikuwa na idara wala fani. Mwanafunzi aliunda swali lake akisaidiwa na mwalimu, na swali hilo ndilo lililokaa mahali pa fani katika nusu ya pili ya masomo yake. Tena masomo yalichukuliwa moja baada ya jingine, kila moja kwa takriban wiki tatu na nusu, ili akili isigawanyike. Kwa maoni yangu mpango huo ulimheshimu sana asiyeamua, kwa kuwa ulimtaka awe na kitu anachokitafuta pasipo kumtaka awe na cheo cha kazi kichwani. Chuo hicho kilisitisha masomo mwaka 2023 kwa matatizo ya fedha, na hilo lisipuuzwe: programu za namna hii mara nyingi ni ndogo na hutegemea watu wachache, kwa hiyo mwombaji ana haki ya kuuliza zina uhai gani kabla ya kuziwekea miaka minne ya maisha yake.

Hampshire College ya Massachusetts, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1970, na Evergreen State College ya jimbo la Washington, iliyoanza kufundisha mwaka uliofuata, ziliachana na alama za herufi. Mwalimu aliandika maelezo ya kazi ya kila mwanafunzi, akieleza alichokiweza na alichoshindwa. Evergreen pia ilijulikana kwa kumweka mwanafunzi katika programu moja kubwa kwa wakati mmoja, ikifundishwa na wahadhiri wa taaluma tofauti waliokaa chumba kimoja. Natamani ningelipata hilo la pili. Katika programu yangu, kazi ya kuunganisha uchumi na sheria ilikuwa yangu peke yangu, kwa sababu mhadhiri wa uchumi na yule wa sheria hawakuwahi kukutana hadi siku ya utetezi wa tasnifu, na wakati huo walianza kubishana wao kwa wao juu ya maana ya neno "haki" huku mimi nikiwa nimesimama mbele yao na karatasi zangu. Ulikuwa mjadala bora kuliko yote niliyoisikia chuoni, na ulifika mwaka mmoja na nusu baada ya wakati niliouhitaji.

Upande wa pili zipo programu ambazo mchanganyiko wake umepangwa tangu mwanzo. Falsafa, Siasa na Uchumi ya Oxford ilianzishwa mwaka 1920; mwanafunzi husoma zote tatu mwaka wa kwanza, kisha ana ruhusa ya kuiacha moja. Symbolic Systems ya Stanford, iliyoanza mwaka 1986, huunganisha sayansi ya kompyuta, falsafa, isimu na saikolojia, na Reid Hoffman, mmoja wa waanzilishi wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, alipitia humo. College of the Atlantic ya Maine, iliyoanzishwa mwaka 1969, hutoa shahada moja tu kwa wanafunzi wake wote, ikolojia ya binadamu, kisha kila mmoja huijaza kwa namna yake. McMaster ya Kanada ina programu ya Sanaa na Sayansi tangu mwaka 1981, na UCL ya London ina ya kwake tangu mwaka 2012. Programu hizi zinampa mwanafunzi uhuru mdogo kuliko wa kujiundia, lakini zinampa vitu viwili ambavyo mimi sikuwa navyo, yaani wenzake wanaosoma kitu kilekile, na jina ambalo msomaji wa maombi ya kazi amewahi kulisikia. Kwa asiyeamua ambaye kuandika na kujieleza kunamchosha, nashauri hizi bila kusita.

Wanaodhani kwamba uhuru ukizidi ndipo faida inapozidi wangefaa kuitazama Harvard ya zamani. Charles William Eliot, aliyekiongoza chuo hicho kuanzia mwaka 1869 hadi 1909, alipunguza masharti ya masomo hadi yakabaki machache mno, akamwachia mwanafunzi ajichagulie. Lawama zilizofuata zilikuwa kwamba wengi walizagaa katika masomo ya utangulizi, wakagusa mengi bila kuzama popote. Mrithi wake, Abbott Lawrence Lowell, akaleta utaratibu wa kila mwanafunzi kujikita katika eneo moja na kuyasambaza masomo yaliyobaki katika maeneo mengine, utaratibu ambao vyuo vingi vya Marekani vingali vikiutumia kwa sura moja au nyingine. Mwaka 1969 chuo kikuu cha Brown kiliufungua tena mlango kwa kuyafuta masomo ya lazima ya jumla, lakini hata huko mwanafunzi sharti awe na eneo la kujikita, ama lililopo tayari, ama alilolibuni na kulitetea mwenyewe. Naona katika historia hiyo sababu ya mshauri wangu kuifunika ile orodha kwa kiganja.

Sasa nije kwenye milango, kwa sababu hapa ndipo nilipoona wenzangu wakiumia. Kila mtangazaji wa programu mseto husema kwamba shahada hii huiacha milango yote wazi. Kauli hiyo si ya kweli, na kuiamini kunaweza kumgharimu mtu miaka. Taaluma ziko za aina mbili. Ziko zinazopandwa kama ngazi, ambapo somo la pili haliingiliki bila la kwanza: kalkulasi ya kwanza hukufikisha kwenye ya pili, hiyo ikakufikisha kwenye milinganyo tofautishi, nayo ikakufikisha kwenye mekanika ya vimiminika, kemia ya jumla hukufikisha kwenye kemia ogania, nayo kwenye baiokemia. Kisha ziko zinazoingilika kwa upana zaidi, kama historia, sosholojia na fasihi, ambazo mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuzianza mwaka wa pili au hata wa tatu akafika mbali. Anayeanza na kalkulasi na kemia anaweza kuhamia historia katikati ya safari bila hasara kubwa. Anayeanza na historia na kutamani uhandisi mwaka wa tatu ataanza upya. Kwa hiyo asiyeamua aanze na ngazi. Laiti mtu angeniambia sentensi hiyo moja siku ya kujiandikisha, kwa maana hakuna mahali popote katika kitabu cha mwongozo ilipoandikwa.

Mwenzangu mmoja, mwanafunzi hodari kuliko mimi, aliunda fani nzuri iliyohusu maadili ya tiba: falsafa, sosholojia, historia ya sayansi. Katika mwaka wa tatu alifanya kazi ya kujitolea hospitalini, akatoka humo akijua kwamba anataka kuwa tabibu, na ulikuwa uamuzi wa dhati kabisa. Vyuo vya udaktari vya Marekani humpokea mhitimu wa fani yoyote, jambo ambalo aliambiwa mapema na akalishika. Ambalo hakuambiwa kwa msisitizo unaostahili ni kwamba kwa kawaida hudai baiolojia, kemia ya jumla, kemia ogania na fizikia, pamoja na saa za maabara. Hakuwa na hata moja. Alitumia miaka miwili baada ya kuhitimu kuyasoma masomo hayo, kwa fedha zake. Na huko ambako udaktari huanzwa moja kwa moja baada ya sekondari, shahada mseto si njia ya kufikia udaktari hata kidogo. Uhandisi nao una mipaka yake: Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, ambao kwa huo nchi wanachama hutambuliana shahada za uhandisi, unahusu programu zilizoidhinishwa na vyombo vya usimamizi, na masomo sita ya uhandisi ndani ya shahada mseto hayaifanyi shahada hiyo kuwa ya uhandisi. Yeyote anayeliona udaktari, uhandisi, uuguzi au famasia hata kwa mbali, alichunguze sharti la kuingilia kabla ya kuchagua somo la kwanza.

Lalamiko langu kubwa dhidi ya chuo changu linahusu uandikishaji wa masomo. Fani yangu ilitegemea somo la uchumi wa rasilimali lililofundishwa mara moja kwa mwaka, lenye nafasi arobaini. Wanafunzi wa idara ya uchumi walifunguliwa dirisha la kujiandikisha siku tatu kabla ya watu wengine, na dirisha langu lilipofunguka, nafasi zilikuwa zimekwisha. Niliandika barua kwa idara, nikajibiwa kwa upole kwamba kipaumbele ni kwa wanafunzi wa idara. Mwaka uliofuata hali ilikuwa vilevile. Andiko langu lilikuwa limepitishwa na kamati, lina sahihi za wahadhiri wawili, na somo lililokuwa uti wa mgongo wake halikupatikana. Nililisoma hatimaye kwa usimamizi wa mtu binafsi, kwa hisani ya mhadhiri mmoja aliyekubali kukutana nami kila Alhamisi jioni bila kulipwa chochote cha ziada. Ninamshukuru kwa moyo wote. Hata hivyo, chuo kinachompitishia mwanafunzi mpango wa masomo kimeahidi kwamba masomo hayo yatapatikana, na ahadi hiyo haipaswi kutegemea wema wa mtu mmoja.

Upweke nitautaja kwa kifupi. Wanafunzi wa idara wana chumba chao, chama chao, wahadhiri wanaowajua kwa majina. Sisi tulikuwa wageni kila tulikokwenda, na katika kazi za makundi tulikuwa wa mwisho kuchaguliwa. Wengine hawaoni shida katika hali hiyo, mimi niliona.

Kuhusu ajira, nieleze nilichokiona mwenyewe. Maombi yangu kumi ya kwanza hayakujibiwa, na baada ya kuzungumza na mtu aliyefanya kazi ya kuchambua maombi nilielewa sababu: jina la shahada yangu halikumwambia chochote, na hakuwa na dakika za ziada za kulichunguza. Nilibadilisha ukurasa. Badala ya kuanza na jina la shahada, nilianza na nilichoweza kufanya, nikaambatanisha ramani moja na jedwali moja kutoka kwenye tasnifu. Usaili wa kwanza ukaja, katika taasisi inayopanga miradi ya maji, na swali la kwanza likawa lile nililolitarajia: "Shahada hii hasa ni ya nini?" Mmoja wa wajumbe wa jopo, mzee mwenye sauti ya upole, akaongeza kwamba mshika mawili moja humponyoka. Nilimjibu kwamba naiheshimu methali hiyo, ila mimi nilishika jambo moja, mgawo wa maji, na kwamba lilihitaji mikono minne. Kisha nikaifungua ramani. Dakika ishirini zilizofuata hatukuzungumza tena juu ya shahada. Tulizungumza juu ya vali.

Nisingeweza kujibu vile bila lile andiko la muhula wa tatu. Sentensi niliyoitumia mbele ya jopo ilitoka humo karibu neno kwa neno, kwa kuwa nilikuwa nimeiandika upya mara nyingi kiasi kwamba ilikuwa imekaa kinywani. Mwanafunzi wa idara ya kawaida hubebwa na jina la fani yake katika usaili. Mwanafunzi wa shahada mseto hubebwa na uwezo wake wa kueleza, na uwezo huo hujengwa kwa kukataliwa rasimu.

Kwa anayewaza kuendelea na uzamili, ajue kwamba mlango upo lakini una kizingiti. Nilipoomba kusoma uchumi, niliulizwa kama nina uchumi wa kiwango cha kati na ekonometriki, yaani matumizi ya takwimu katika uchumi. Nilikuwa na cha kwanza, sikuwa na cha pili, na ombi lilisimama hapo. Niliomba katika programu ya usimamizi wa rasilimali za maji nikapokelewa bila swali. Anayetaka uzamili katika taaluma moja ya kawaida ahakikishe kwamba mojawapo ya nguzo za fani yake ina masomo ya kutosha, na ya ngazi ya juu, kumfanya asomeke kama mtu wa taaluma hiyo. Kugusa idara tano kwa masomo mawiliwili kunaonekana vizuri kwenye karatasi ya kupanga, na hakumfikishi mtu kwenye uzamili wa idara hata moja.

Kwa ujumla wake, malezi ya kifikra niliyoyapata nayapa alama ya juu kabisa. Ushauri wa masomo nao naupa alama ya juu, nikijua kwamba niliupata kwa mtu mmoja na kwamba wenzangu waliopangiwa washauri wengine waliwaona mara moja kwa muhula, kwa dakika kumi, kwa ajili ya sahihi. Uandikishaji naupa alama ya chini kabisa. Maandalizi ya ajira yalikuwa dhaifu: kituo cha ajira cha chuo kilikuwa na mikutano ya wahandisi, ya wahasibu na ya walimu, na mimi niliambiwa nihudhurie ninaoutaka.

Kwa atakayekwenda kuzitembelea programu hizi kabla ya kuamua, asiridhike na ukumbi wa maelezo na vipeperushi vyake. Aulize mwanafunzi hupangiwa mshauri mmoja kwa miaka mingapi, na mshauri huyo ana wanafunzi wangapi. Aulize dirisha la uandikishaji hufunguliwa siku gani kwa wanafunzi wa programu na siku gani kwa wanafunzi wa idara. Aulize ni maandiko mangapi ya kupanga fani yalirudishwa kufanyiwa marekebisho mwaka uliopita. Akijibiwa kwamba hakuna hata moja, afikirie upya. Na kabla ya yote aombe kuziona tasnifu za miaka mitatu ya karibuni, kwa maana humo ataona kama wanafunzi wa pale hufika mahali au huzunguka. Katika programu yangu zilipangwa kwenye rafu ya chuma koridoni, nje ya ofisi ya mratibu, majalada ya bluu yenye maswali yaliyochapwa kwenye mgongo kwa herufi nyeupe. Nilipita hapo kwa miaka minne. Sikuwahi kuona kundi la wageni likisimamishwa mbele ya rafu ile, ingawa njia ya kwenda kwenye ukumbi wa maelezo ilipita papo hapo.